Sukari Iliyoganda kwenye Kikaango cha Jirani

Wiki iliyopita niliunguza kikaango. Nilikuwa nakaanga ndizi, simu ikaita, nikatoka nayo barazani kutafuta mtandao, na unajua mwenyewe simu za ndugu zilivyo, salamu peke yake inakula nusu ya maongezi. Niliporudi jikoni moshi ulikuwa umetanda na ndizi zimekuwa mkaa ulioshikana na chuma. Binti yangu akaja kuchungulia, akaziba pua.

"Mama, hicho tupa tu," akasema. "Sokoni vimejaa."

Sikukitupa. Kilipopoa nilikitia maji nikakirudisha motoni, nikavuta kigoda nikakaa kusubiri. Kupitia dirisha niliiona milima ya Uluguru, kilele kimejifunika wingu kama kawaida yake, na hapo, rafiki yangu, nikaanza kucheka peke yangu. Binti akauliza nacheka nini. Nikamwambia akae nimsimulie, lakini alikuwa na haraka zake. Basi nakusimulia wewe.

Likizo zangu zote za shule ya msingi nilizimalizia Matombo, kwa bibi mzaa mama. Wazazi wangu walifanya kazi Morogoro mjini, na shule ikifungwa tu nilipakiwa kwenye lori la mizigo, juu ya magunia, tukapanda barabara ya mashimo mpaka mifupa ikagongana. Nyumba ya Bibi ilikuwa kwenye mteremko, katikati ya migomba. Ukifika msimu wa karafuu alizianika uani kwenye mikeka, ukaamka asubuhi na harufu yake puani, kengele ya misheni ikilia chini bondeni. Aliniita mke mwenzake, kwa sababu babu yangu marehemu, alisema, angenioa mimi kama ningewahi kuzaliwa.

Kazi zilikuwa nyingi. Kufagia uwanja, kuteka maji, kuchambua mboga. Mimi niliyoipenda ni kuosha vyombo, kwa kuwa tuliosha kijitoni. Palikuwa na jiwe pana, bapa, na wasichana wa majirani wote tulikutana pale na masufuria yetu meusi. Tulisugua kwa majivu, kwa makumbi ya nazi, na kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Tuliimba, tulirushiana maji, tulisengenya. Sufuria ikishang'aa unaigeuza juani, mwanga unaupeleka machoni mwa mwenzako mpaka analalamika. Nyumbani tulivianika vyombo kwenye uchanja, matako yake yakitazama njia. Bibi alitaka watu wa misheni wakipita waone kwamba hapa wanaishi watu, siyo nyani.

Sasa, jirani. Alikuwa mjane, makamo ya Bibi, nyumba yake iko upande wa juu wa njia, hatua chache tu. Walikuwa marafiki tangu usichana wao. Lakini mwaka ninaokusimulia walikuwa hawasemeshani, na sababu ilikuwa maandazi. Bibi aliyapika kwenye sherehe ya kipaimara, na jirani akasema mbele ya akina mama wote kwamba maandazi yale yangefaa kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Watu walicheka. Bibi hakucheka. Toka siku ile walikaa benchi moja kanisani, kila mmoja akitazama mbele.

Aliyekuwa akiumia ni mimi, kwa sababu niligeuzwa mjumbe. Walisimama uso kwa uso uwanjani, huku wakinitazama mimi.

"Mwambie Bibi yako kuku wake yuko kwenye mchicha wangu."

"Mwambie jirani kuku hajui mipaka."

Nami nilirudia kila neno, kama vile wote wawili ni viziwi.

Likizo ile mama mdogo, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa anaolewa. Mchumba alitoka Gairo, na siku moja kabla ya ndoa ndugu zake walifika na lori, wamechoka, wana vumbi mpaka kwenye kope, na wamebeba gunia zima la karanga za shambani kwao. Bibi alizishika zile karanga, akazinusa, akaamua papo hapo kwamba lazima wakwe waonje kashata za karanga zao wenyewe kabla hawajarudi. Tatizo, kikaango chake kilikuwa kimetoboka. Kikaango kikubwa cha chuma, kizito, cha kuyeyushia sukari nyingi kwa pamoja, kilikuwa nyumba moja tu pale jirani. Unaijua nyumba hiyo.

Nikatumwa. Jirani alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka nacho amekikumbatia. Kilikuwa cheusi tii, laini kama kimepakwa mafuta leo.

"Nampa bibi harusi," akasema. "Simpi Bibi yako. Na mwambie kesho sitakuja, asinihesabu."

Nilimfikishia Bibi. Alikipokea kikaango, nikamwona amekunja uso, na haikuwa hasira. Mama mdogo alikuwa chumbani anasukwa nywele. Aliposikia kwamba jirani haji, machozi yalimlengalenga. Mwanamke yule ndiye aliyemfundisha kutembea, Bibi alipokuwa mgonjwa.

Mchana ule Bibi aliyeyusha sukari, na mimi nikatumwa maji. Nilipokuwa narudi nimejitwisha ndoo nikaona moshi mweusi unatoka jikoni. Nilidhani jiko linaungua. Nilikimbia, maji yakanimwagikia mgongoni, nikafika uwanjani nikakuta ngoma inapigwa. Wakwe wa Gairo walikuwa wameshikwa na furaha ya kufika salama, na katikati yao, kanga imefungwa kiunoni, alikuwa Bibi yangu. Alikuwa ametoka jikoni mara moja tu, alisema baadaye, kuwaonyesha namna Waluguru wanavyotikisa mabega.

Sukari ilikuwa imeungua pamoja na karanga, imeganda kama lami. Bibi alitaka kumwagia maji ya baridi palepale, mama mdogo akamshika mkono, akasema chuma cha moto kitapasuka. Bibi alikisubiri kipoe, kisha akakifunika kwa kanga kama mtoto mchanga, akaniambia twende mtoni, upesi, kabla mwenyewe hajaona. Nakumbuka sura yake. Sijawahi kumwona Bibi akiogopa mtu yeyote, hata padri, lakini siku ile aliogopa.

Tulisugua. Majivu hayakufua dafu. Msasa uliisha mikononi mwetu, mchanga ulituchuna vidole, na ile sukari ilibaki inatutazama. Bibi alikuwa ameinua kisu aikwangue nilipoisikia sauti kutoka njiani juu yetu.

"Mjukuu wangu."

Jirani alikuwa amesimama na ndoo kichwani.

"Shikamoo Bibi," nikasema.

"Marahaba. Muulize Bibi yako, hicho anachotaka kukikwangua kwa kisu ni cha nani?"

Bibi alishusha kisu. "Mwambie ni chake. Mwambie sukari imeungua."

"Mwambie nimenusa toka kwangu. Muulize yeye alikuwa wapi inaungua."

Bibi alinawa masizi mikononi. Maji yalipita juu ya jiwe. Nilimtazama, nikatamani aseme alikuwa anahudumia wageni, au amejisikia vibaya.

"Mwambie nilikuwa nacheza ngoma," akasema.

Nikageuka nikasema, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani, "Bibi alikuwa anacheza ngoma."

Jirani alitua ndoo. Alishuka mpaka kwenye jiwe, akakichukua kikaango, akapitisha kidole gumba juu ya ile lami. Nilijua atakasirika. Alisema tu, "Mwambie sukari haikwanguliwi. Inachemshiwa maji. Nenda kalete moto."

Nilikimbia jikoni nikaleta makaa kwenye kifuu. Tulipanga mafiga matatu pale ukingoni, tukakoka moto wa vijiti, kikaango kikajazwa maji. Kisha ikabidi kusubiri, na huwezi kusubiri maji yachemke huku umesimama kama mlinzi. Jirani alikaa upande ule wa moto, Bibi upande huu, mimi katikati. Maji yalianza kubadilika rangi, yakawa kama chai. Niliyaonja kwa kidole yalipopoa kwenye kifuu. Yalikuwa machungu na matamu kwa pamoja.

Jirani alikuwa anatazama kikaango. "Alikibeba toka mashamba ya mkonge," akasema. Alikuwa anamzungumzia mumewe. "Kwa miguu, toka pale lori lilipokwama."

Bibi alisukuma kijiti motoni. "Nakumbuka. Alipita nacho hapa amekivaa kichwani kama kofia. Mvua inanyesha, inakipiga, na yeye anaimba."

"Alikuwa hajui kuimba."

"Alikuwa hajui kabisa."

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba hakuna aliyesema mwambie. Nilifunga mdomo. Nilibana hata pumzi, nisije nikawakumbusha kwamba nipo.

"Ulicheza kweli?" jirani akauliza.

"Nilicheza."

"Na goti lako lile?"

"Goti nalo lilicheza."

Walianza kucheka polepole, kisha wakashindwa kujizuia. Jirani alishika tumbo, Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga yenye masizi mpaka uso ukawa na mistari. Kicheko kilipopungua Bibi akasema, akitazama moto, "Yale maandazi yalikuwa magumu."

"Yalikuwa magumu kidogo," jirani akasema. "Lakini sikupaswa kusema mbele za watu."

Yale maji yalimwagwa, yakajazwa mengine, na kila mara vipande vya sukari vilijibandua vyenyewe kama gome la mti. Mwisho kabisa ndipo ukaja msasa, taratibu, kwa mikono ya wazee wawili iliyokuwa inapishana ndani ya kikaango kimoja. Jirani alikikausha motoni na kukipaka mafuta, na chuma kikarudi kuwa cheusi, kinang'aa. Tulipanda nacho nyumbani jua likiwa bado lipo. Mama mdogo alipotoka mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, akamwona jirani yuko jikoni anapima sukari, alimkumbatia kwa nyuma. Jirani alimwambia aache kumtikisa, sukari isije ikaungua tena.

Kashata zile za pili zilikuwa za rangi ya asali. Zilivunjika kwa mlio mdogo, kisha zikayeyuka kinywani. Wakwe walikula, wakafunga nyingine za kurudi nazo Gairo kwenye vitambaa. Siku ya harusi nilikaa nyuma ya benchi la Bibi na jirani kanisani, na vigelegele vyao viliondoka pamoja, vikafika juu ya paa pamoja. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilikuwa nikipanda likizo nawakuta kijitoni, wamekaa juu ya jiwe, vyombo vimeshaosheka zamani, wao bado wanaongea.

Wote wawili wamelala sasa makaburini pale misheni. Mwaka jana nilipanda Matombo kuwawekea maua. Maji yamefika kwa bomba, kila uwanja una koki yake, na ukikumbuka tulivyojitwisha ndoo kwenye utelezi wa masika huwezi kulalamika. Nilishuka kijitoni. Jiwe lipo, limeota kuvu, majani yamelifunika nusu, na njia ya kwenda pale nilikuwa naikisia tu.

Nyumba ya Bibi anaishi mke wa mjomba wangu, mama mpole, mkarimu, alinipikia ugali na mboga ya maboga. Tulipokuwa tunaosha mikono pale kwenye koki nilimsimulia kisa hiki chote, akacheka sana. Akaniambia yeye, namshukuru Mungu, hajawahi kugombana na jirani hata siku moja. Nikafurahi kusikia. Nikamuuliza ile nyumba ya juu ya njia siku hizi anaishi nani.

Aligeuka akaitazama, bati lake jipya linameta katikati ya migomba.

"Kuna mama mmoja," akasema. "Namwonaga kanisani. Jina lake kwa kweli silijui."