Gunzi Kwenye Bomba la Maji Moto

Nikianza kukisimulia kisa hiki nacheka kabla sijafika popote, hata wanangu wamezoea. Huniambia, "Mama, cheka kwanza umalize." Basi nimeshamaliza. Ilikuwa Kibaha, miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa mwanamke pekee katika karakana iliyotunza nyumba za walimu. Overoli niliyopewa ilishonwa kwa ajili ya mwanamume mnene. Niliikunja miguu mara nne, nikajiona nimependeza kuliko bibi harusi.

Nyumba zile zilikuwa na hita ya umeme, tangi jeupe lililotundikwa ukutani bafuni. Ubavuni mwake kulikuwa na valvu ya usalama. Maji yakipata moto kupita kiasi huvimba, presha ikapanda, na hapo valvu hufunguka ikayatema nje kwa bomba dogo lililotokeza ukutani. Isipofunguka, tangi linaweza kupasuka likaondoka na bati la nyumba. Ikitema kila siku, ipo sababu, na fundi ndiye wa kuitafuta.

Mwalimu mmoja akaja kulalamika kwamba bomba lake dogo linatema maji yanayochemka kila asubuhi. Mkewe alikuwa amejifungua, na mama mkwe wa mwalimu alikuwa amekuja kutoka Kisarawe kumlea mzazi mpaka arobaini itimie. Wenzangu wawili walikwenda. Walipobisha hodi waliambiwa wangoje, mzazi anakandwa. Wakakaa kivulini hadi saa tano, wakaruhusiwa kuingia, wakakuta tangi limepoa na bomba kavu. Wakaandika kwenye daftari kwamba hakuna ubovu. Kesho yake mwalimu akarudi na malalamiko yale yale.

Msimamizi wetu akanipa kazi hiyo mimi. "Ukishindwa," akasema, "Jumatatu unahamia stoo ukagawe misumari." Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba spana ni ya mkono wa kiume, na kwamba stoo kulikuwa na kiti kizuri. Mimi stoo sikuitaka hata kwa dawa.

Safari ya kwanza nilikwenda mchana, mwalimu akanifungulia, mama mkwe wake akiwa chumbani na mzazi; niliinua kishikio cha valvu nikaiacha iteme. Ukatoka mchanga wa mto Ruvu. Nikaridhika, maana chembe moja tu ikikwama pale valvu haifungi vizuri, nikarudi karakana napiga mluzi. Kesho yake, mwalimu huyo! Safari ya pili, mchana vile vile, nikabadilisha valvu nzima, nikaweka nyingine niliyoing'oa kwenye nyumba tupu. Kesho yake, mwalimu huyo tena! Msimamizi akaniambia niende mara ya mwisho, na kwamba safari hii yeye na mwalimu watanifuata wajionee wenyewe.

Nikawatangulia. Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu, lakini mzazi anakandwa!"

"Mimi ni mwanamke, bibi! Shikamoo!"

Bibi akanichungulia dirishani. "Marahaba. Mwanamke gani na hilo suruali?" Akacheka. "Haya, vua viatu uingie."

Bafuni palijaa mvuke. Bibi alikuwa amejifunga kanga kifuani, anachovya kitambaa kwenye maji yanayotoa moshi, anamkanda bintiye kiuno. Binti analia, "Mama, unaniua!" Naye anamjibu, "Arobaini ikifika utanishukuru." Nikatazama tangi. Kifuniko cha chini kilikuwa kimefunguliwa, kisu cha jikoni kiko sakafuni, na kidude cha kurekebishia joto kimezungushwa hadi mwisho kabisa.

"Bibi, hiki amekigeuza nani?"

"Mimi. Maji yenu ya vuguvugu nimkandie nani, paka? Nikimaliza nakirudisha, wanaume wasijue."

Nilitamani nimkumbatie. Nilikuwa nimesafisha valvu nzima, nikaibadilisha kwa valvu nzima nyingine, na zote mbili zilikuwa zinafanya kazi yake kama zilivyoumbwa! Kisha nikakumbuka kitu.

"Mbona leo nje hapatoki maji?"

"Nimeziba. Kila siku redioni tunaambiwa tusifuje mali ya umma. Nimesokomeza gunzi."

Furaha yote ikanishuka miguuni. Tangi lilikuwa linanguruma. Niliruka nikazima umeme, na mkono haujatoka kwenye swichi nikasikia nje paa! Dirishani niliwaona msimamizi na mwalimu ndio kwanza wanafika. Gunzi lilipita karibu na sikio la msimamizi likagonga madigadi ya baiskeli yake. Alitupa baiskeli huko, akakaa kitako katikati ya matembele. Maji ya moto yakafuata, yakamwagika chini ya ukuta bila kumgusa mtu. Wanawake watatu tulichuchumaa bafuni, tumezibana midomo, machozi yanatutoka kwa kicheko.

"Ndugu fundi!" msimamizi akaita. "Ubovu ni nini?"

Bibi akanishika mkono, kicheko kimemwisha. "Mwanangu, mkwe wangu yupo hapo. Akisikia nimefungua mtambo wake kwa kisu, tena kwa mambo ya kumkanda mkewe, uso wangu nitauweka wapi? Nifichie."

Nilimwelewa. Mambo ya bafuni hayatajwi mbele ya mkwe. Nikatoka.

"Valvu ni nzima, mzee. Ilikuwa inafanya kazi yake."

"Na hili gunzi?"

Nikainama kuikunja upya miguu ya overoli.

"Basi hujui. Jumatatu, stoo."

Iliniuma, sisemi uongo. Nilijiona tayari nimekaa kwenye kile kiti kizuri, na nilikichukia. Ndipo mlango ukalia nyuma yangu. Bibi alisimama kizingitini amejitanda kanga hadi machoni, mgongo kampa mkwewe, anasema na ukuta.

"Gunzi ni langu. Joto nimelipandisha mimi, kwa kisu. Huyu kaingia tu akajua. Nilimwomba anifichie, akanifichia. Wale wanaume wenu walikuja wakatazama tangi lililopoa. Mwacheni na spana zake."

Mwalimu alitazama chini. Akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe," bibi akauambia ukuta.

Msimamizi alikuwa bado kwenye matembele. "Sasa tufanye nini?" akaniuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza.

"Joto libaki nusu, mzee. Bibi atachemsha sufuria moja kwa kuni, achanganye. Na bomba hili lisizibwe tena, hata kwa kidole."

Akainuka, akajipangusa suruali, akaiinua baiskeli. "Jumatatu, nyumba ya pili kutoka mwisho, bomba la jikoni linavuja. Utakwenda peke yako."

"Ndiyo, mzee," nikasema, kwa heshima zote. Kisha nikakimbia ndani. Mzazi alikuwa ameegemea ukuta ameshika tumbo kwa mikono miwili, ananiomba kwa jina la Mungu nisimchekeshe tena, na bibi, kitambaa begani, ananiambia nisogee, maji yanapoa.