Safari ya Maputo ya Watu Wawili

Mimi ndiye niliyesema treni. Mwenzangu angekubali hata kupanda nyuma ya lori, lakini mimi nilikulia Tabora, nyumba ya pili kutoka kwenye reli, na tangu nihamie Durban, miaka kumi na moja sasa, nimekuwa na hamu ya kukaa ndani ya behewa na kuona nchi ikipita dirishani. Basi siku ile tuliyokuwa tunasuka kichwa kimoja, yeye kushoto mimi kulia, akasema anatamani kabla hajazeeka aione nchi nyingine kama mgeni tu, si kama mtu anayekimbia. Nikajibu bila kufikiri: twende Maputo, wikendi moja, kwa treni.

Alicheka mpaka mteja akageuza shingo.

"Dada, wikendi? Sisi? Kama bazungu?"

"Kama wazungu," nikamwambia. "Tunakula kamba, tunapiga picha, Jumatatu tunarudi."

Tulikuwa na viti vinavyopakana kwenye saluni moja katikati ya jiji, ghorofani, juu ya duka la simu. Mimi ni Mtanzania, kibali changu cha kukaa nilikipata kwa ndoa ambayo haikudumu. Yeye ni Mkongo, mjane, mkimbizi. Alinizidi miaka miwili, lakini aliniita dada nami nikamwita dada, maana hakuna aliyetaka kuwa mkubwa. Kwa miaka sita tulikula chakula cha mchana kwenye bakuli moja. Nilipopasuliwa tumbo, yeye ndiye aliyeniogesha. Mama yake alipofariki huko kwao naye hakuweza kwenda kuzika, alikaa matanga chumbani kwangu siku tatu, kwa sababu kwake Sydenham alikuwa amepanga na watu waliotaka kimya. Nayasema haya ili ieleweke hakuwa mfanyakazi mwenzangu tu.

Tatizo ni kwamba kutoka Durban hakuna mtu anayekwenda Maputo kwa treni. Barabara inapanda kaskazini, na siku hiyo hiyo umefika. Ukitaka reli lazima uzunguke: kwanza treni ya Joburg, ambayo haitoki kila siku, halafu taxi, yaani daladala ya huku, mpaka mpakani, unavuka kwa miguu, na upande wa Msumbiji unapanda treni ya wenyeji inayoingia Maputo jioni. Nilichora njia yote hiyo nyuma ya daftari la miadi ya wateja. Mama mmoja wa Kizulu aliyekuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele aliangalia mchoro wangu, akatikisa kichwa, akasema, hawu, nyinyi mnakwenda Maputo kwa kupitia mwezini.

Hatukujali. Fundi viatu wa pale chini, Mmsumbiji, alituambia treni ya mpakani inaondoka mchana, na ukiikosa unalala hapo hapo. Kwa hiyo mpango mzima ukaning'inia kwenye mchana huo. Tulibishana wiki mbili. Mimi nilitaka tuondoke Alhamisi, yeye akasema mwenye saluni hatatupa ruhusa sote wawili. Mimi nilitaka tulale mji wa mpakani ili tusikimbizane, yeye akasema wikendi itakwisha tukiwa bado njiani. Kila asubuhi alikuja na swali jipya. Dirisha la treni linafunguka? Kuna watu wanauza vyakula kwenye vituo? Hoteli je?

"Mi nimeoga maji ya ndoo tangu nizaliwe," alisema. "Nataka hoteli iko na baignoire. Nilale ndani ya maji mpaka vidole vikunjane."

Nilipiga simu nyumba tatu za wageni, na Kireno sijui hata neno moja, mpaka nikapata moja ambayo mhudumu wake alizungumza Kiingereza kidogo na alielewa ninaposema beseni kubwa la kulala ndani. Nilipokata simu, mwenzangu alinikumbatia mbele ya wateja.

Kilichobaki kilikuwa karatasi zake. Mimi pasipoti yangu haina shida Msumbiji. Yeye alihitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, akaniambia ameshaiomba, inasubiriwa. Nikasema nitasubiri. Dada yangu wa tumbo moja alikuja Joburg kwa biashara katikati ya mwaka, akanitaka twende wote Maputo kwa basi, nikamkatalia. Nilimwambia nina safari yangu na mtu.

Na katika kusubiri huko nilimsaidia kila alichoomba. Alihitaji picha za pasipoti, nikamsindikiza kwenye studio ya mtaa wa nyuma, nikamfunga kilemba, kisha mpiga picha akasema kilemba hakiruhusiwi, nikakifungua. Alihitaji siku nzima ya kwenda kwa daktari, nikawasuka wateja wake wawili pamoja na wangu. Aliporudi alikuwa na plasta mkononi, walikomtoa damu, na bahasha kubwa ya picha ya kifua.

"Msumbiji wanataka picha ya kifua?" nilimuuliza.

"Eish, dada. Si unajua sisi wakimbizi? Banatuomba kila kitu."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nilikuwa nimemuona miaka sita akipanga foleni kwa ajili ya muhuri mmoja. Halafu akaniomba sanduku langu, lile kubwa la magurudumu nililokuja nalo kutoka Dar. Nikamtania: siku tatu tu, sanduku la nini lote hilo? Akasema atanunua vitenge vya kuja kuuza. Nikalipangusa vumbi, nikampelekea mwenyewe mpaka Sydenham, kwa taxi, nimelibeba mapajani.

Wiki hiyo hiyo ndiyo aliyochagua tarehe. Nakumbuka vizuri kwa sababu alichukua kalamu kutoka mkononi mwangu. Akafungua daftari la miadi, akahesabu siku kwa kidole, akazungushia duara Alhamisi ya mwisho ya mwezi uliofuata.

"Hapa," akasema. "Hapa hakuna kitu kitatuzuia."

Siku kumi kabla ya Alhamisi hiyo aliomba likizo ya siku tatu, akasema ana homa. Niliona vyema nikakate tiketi za Joburg mapema, nikaenda stesheni asubuhi kabla saluni haijafungua. Kwenye dirisha mhudumu akataka namba za hati zetu zote mbili. Nikampigia mwenzangu. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna, nikatoka kwenye foleni nikakaa kwenye benchi nikiendelea kupiga. Niliogopa. Kichwani nilimwona amelala peke yake na homa, hana wa kumpa maji. Sikurudi kazini. Nilinunua machungwa na dawa ya maumivu, nikapanda taxi ya Sydenham, na kila iliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nilitamani nishuke nikimbie.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikuwepo mwanamke wa kanisani kwao, niliyewahi kumuona mara moja mbili, amefunga kanga kiunoni anapiga deki. Kitanda kilikuwa kitupu. Pazia limetolewa.

"Mgonjwa yuko wapi?" nikauliza.

Alisimama na tambara mkononi. "Mgonjwa nani?"

Nikaonyesha kitanda, nikataja jina la mwenye kitanda.

"Ah, mama. Alienda juzi." Akaniangalia uso, kisha machungwa, na nikaona anaelewa. "Hakukuambia? Iko Canada. Faili yake ilitoka."

Nilimuuliza faili gani. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu habari ya msiba: kwamba maombi ya kuhamishiwa nchi ya tatu aliyafanya miaka minne nyuma, kwamba mahojiano yalikwisha mwaka uliopita, kwamba alipewa tarehe ya ndege mwezi mmoja kabla. Jumapili watu sita wa kanisa walikula naye chakula pale pale chumbani, wakamwombea.

"Sita," nikasema.

"Alisema tusiseme kwa mtu. Batu wanaweza kuandika barua mbaya, wakaharibu faili."

"Na mimi ningeandika barua?"

Yule mama aliona haya. "Alisema wewe ni mtu mzuri. Lakini Watanzania, alisema, munapenda kusema. Saluni yote ingejua."

Nilimwachia machungwa. Nilishuka ngazi, nikatembea mpaka mtaa wa Overport bila kujua ninakwenda wapi, na njiani mambo yakawa yanajipanga yenyewe kichwani. Picha bila kilemba. Damu. Kifua. Sanduku. Halafu ile tarehe. Mwezi mmoja kabla, alisema yule mama. Basi mwenzangu alipochukua kalamu mkononi mwangu alikuwa tayari anajua siku ya ndege yake, na alihesabu kwa kidole mpaka akaipita. Kuficha ningeweza kuelewa, nimeishi na wakimbizi, najua hofu yao. Ile kalamu ndiyo iliyonishinda.

Saluni nilisema anaumwa. Nilisema hivyo siku mbili, nikimlinda mtu ambaye hakuwepo, mpaka mwenye saluni akasikia kwingine akanijia juu: si wewe ndiye rafiki yake, unanifichaje? Nikaendelea kusuka. Kusema ukweli kungekuwa aibu kubwa kuliko kuonekana mwongo.

Alhamisi ile nilikwenda.

Nilikata tiketi moja. Nikafika Joburg, nikapanda taxi ya alfajiri, nikavuka mpaka kwa miguu nikiwa na begi la mkononi tu, na treni ikanikuta jukwaani nina saa nzima ya ziada. Haikuwa kama treni ya mawazo yetu. Mabenchi magumu, magunia ya vitunguu na viazi njiani, wanawake wanaotoka kununua Afrika Kusini na kwenda kuuza kwao. Mmoja wao, mnene, mwenye meno mazuri, alisogeza gunia lake ili nikae karibu na dirisha. Dirisha lilifunguka. Kwenye vituo walipita kweli watu wanaouza korosho na mkate. Yule mama akaniuliza jambo kwa lugha yake, nami kwa Kizulu changu cha saluni nikapata kipande tu: anauliza nimekuja na nani. Nikanyoosha kidole kimoja. Na hapo, mbele ya watu nisiowajua, nikalia kilio ambacho sikukilia Sydenham wala Overport.  Yule mama alinimenyea chungwa, akanipa nusu, akaendelea kupiga soga na wenzake.

Mhudumu wa nyumba ya wageni aliangalia nyuma yangu. "Mliandika wawili."

"Mmoja," nikamwambia.

Beseni lilikuwepo, jeupe, lina ufa pembeni. Sikuingia. Nilioga kwa bomba la ukutani. Siku mbili nilitembea mitaa mipana yenye miti, nilikula kamba wa kukaanga kwa vitunguu saumu, nilikaa mbele ya stesheni yao nzuri yenye kuba nikitazama watu wakiingia na kutoka. Siwezi kusema nilifurahi, ila mji ni mzuri, na mara mbili hivi nilimsahau kabisa. Kila nilipomkumbuka tena hasira ilirudi mpya, kama ndiyo kwanza nimesimama pale mlangoni.

Simu yake ilikuja baada ya miezi minne, siku ya Idi. Alianza kwa kulia. Nilimwacha alie.

"Banatukataza kusema, dada. Wanaweza kusimamisha faili mpaka kwenye ndege."

"Hilo nimeelewa," nikasema. "Lakini tarehe? Nani alikulazimisha uchague tarehe?"

 Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, na mtu akiongea Kifaransa.

"Furaha ya kuondoka ilikuwa inanijaa," akasema hatimaye. "Siwezi kuisema kwa mtu. Ya Maputo niliweza kuisema. Tulipokuwa tunapanga na wewe, mi nilikuwa naenda kweli. Na ulikuwa na furaha sana, dada. Nilishindwa kuikata."

Namwamini. Nimeigeuzageuza kauli hiyo mara nyingi na bado naamini ni kweli, na ukweli wake haunipunguzii kitu. Nilimwambia angeniambia siku moja kabla, hata saa moja kabla, ningemsindikiza uwanja wa ndege. Akasema ningelia, na watu wangejua. Nikamwambia ndiyo, ningelia, na kumlilia mtu wangu anayeondoka ilikuwa haki yangu, naye ameninyima.

"Nisamehe," akasema.

Nikasema nimekusamehe, kwa sababu ilikuwa Idi na kwa sababu alikuwa mbali. Tunaongea bado, si mara nyingi. Ananiambia habari za baridi, za kazi ya kufua mashuka hospitalini, za kanisa jipya. Kabla ya kukata simu husema siku moja atakuja likizo, twende Maputo yetu, kwa ile treni. Mimi hujibu inshallah. Sijamwambia kwamba nilishakwenda.

Kiti chake sasa anakikalia msichana wa Bukavu, mwepesi wa mikono, ananiita mama. Juzi aliniuliza kama tunaweza kuwa tunanunua chakula cha mchana pamoja. Nilimwambia mimi huwa sili mchana.