Mwanangu Alimwambia Matroni, Mimi Hakuniambia

Admin, naomba jina langu ulifiche kabisa, maana wanakwaya wenzangu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nalima vitunguu saumu huku Daudi, Mbulu. Nimeolewa, nina watoto watatu. Kilichonileta kwenu ni huyu wa kwanza, binti wa miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu shule ya bweni upande wa Hanang. Tumwite Paulina, siyo jina lake.

Mimi na huyu mtoto tulikuwa kama mtu na mdogo wake. Tunapalilia pamoja, tunaimba pamoja, akiumwa hata kichwa mimi ndiye wa kwanza kujua. Kwenye mambo ya simu tu ndiko nilikuwa mkali. Binamu yake alipopewa mimba na mwanaume waliyejuana mtandaoni, nilisema mbele ya watoto wote kwamba wa kwangu akikutwa na mambo hayo, shule basi, atarudi kuchunga mbuzi. Nikaona hapo nimelea.

Mwezi uliopita ilikuwa siku ya wazazi kutembelea shule. Nikabeba kuku na viazi, nikapanda basi alfajiri. Nafika getini namwona mwanangu uwanjani amesimama na matroni wao, dada wa miaka ishirini na kitu, amemwegemea begani anacheka. Aliponiona akaja, "Shikamoo mama," kwa heshima zote. Lakini ile kuegemewa mimi sikuipata. Tukafungua chakula, paja la kuku nililomchagulia yeye akalifunika vizuri akampelekea matroni. Nilitabasamu, ila moyo ulikuwa unawaka.

Aliporudi nikamuuliza kwa nini amemzoea vile. Akanieleza yote. Likizo iliyopita, sisi tukiwa shambani, alikuwa anachukua simu ya baba yake anachati na kijana aliyesema anaishi Haydom na anasomea uuguzi. Walishapanga wakutane stendi ya Haydom likizo inayokuja, na mimi ningeagwa kwamba anaenda kumsalimia shangazi yake. Aliporudi shule wasiwasi ukamwingia, akamfuata matroni. Matroni akapiga namba ya huyo kijana Paulina akiwepo, akapokea mwanaume mtu mzima, watoto wanalia nyuma yake. Wakafungua akaunti ya Paulina kwenye simu ya matroni, wakambloki, na matroni akaipeleka ile namba polisi, dawati la jinsia.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada matroni anamwita Paulina na wenzake wachache nyumbani kwake pale shuleni, anawapa simu yake watumie, yeye amekaa pembeni. Anawaonyesha mtu mwongo anajulikanaje, na nini hakiandikwi mtandaoni hata ukibembelezwa. Anasema wakimaliza shule watakutana na hivyo vitu bila mtu wa kuwaelekeza. Sheria ya shule lakini inakataza mwanafunzi kushika simu, hata ya kuazima.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Akanijibu taratibu tu, hakuwa na hasira. "Mama, wewe ungeniachisha shule. Matroni aliniuliza kwanza kama naogopa."

Ndugu zangu, siku ile nilitakiwa nimshukuru Mungu kwamba mtoto hakufika ile stendi. Badala yake nilishikwa na wivu ambao sijawahi kuusikia hata kwa mume wangu. Matroni akaja kunisalimia ameinama, akasema nina binti mwenye akili. Nikaitikia marahaba huku natamani kumuuliza yeye amezaa wangapi. Nyumbani nilipomweleza mume wangu, alibadilisha namba ya siri ya simu yake, kisha akasema huyo dada tumpelekee hata gunia la viazi. Siku hiyo nilisusa chakula.

Sasa mkuu wa shule ameitisha kikao cha wazazi Jumamosi hii. Wako wanaotaka watoto waruhusiwe mtandao wakiwa na msimamizi, na wako wanaotaka mabweni yasakwe kila wiki. Tena kuna tetesi kwamba mtumishi mmoja anawapa wanafunzi simu. Mkuu ameomba mzazi anayemjua amtaje, na huyo mtumishi ataondolewa. Mimi namjua. Nikimtaja, sheria iko upande wangu na hakuna wa kunilaumu. Hata maneno nimeshayapanga, kwamba usalama wa watoto wetu uje kwanza. Lakini nikikaa peke yangu najua ninachokitaka. Nataka Paulina asiwe na mtu mwingine wa kumwambia siri zake, ili arudi kwangu. Halafu naogopa, je, akimkosa matroni na mimi asiponirudia, siku nyingine atamwambia nani?

Jana alinipigia kwa simu ya huyo huyo matroni. Tukaongea habari za masomo, nikafurahi, nikajisahau. Mwishoni akasema, "Mama, kuna mambo nataka kukueleza nikija likizo. Matroni amesema nianze kukuambia wewe."

Nilikata simu nikalia. Hata mwanangu kunirudia, ni mpaka huyo dada amtume.

Mnaolea mabinti, na ninyi mliosoma bweni, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Nisimame kikaoni nimtaje, au nikae kimya nimshukuru mtu ambaye moyo wangu umekataa kumpenda? Msinionee huruma, nipeni ukweli.