Kano Haikatiki Bila Kisu

Machinjioni walimwita Kulabu, na jina hilo alilipenda. Kazi yake ilikuwa kumtundika ng'ombe akishachinjwa. Alipasua ngozi ya mguu wa nyuma, juu kidogo ya kisigino, akapitisha kulabu kati ya mfupa na ile kano nene, kisha akavuta mnyororo. Ng'ombe mzima alipanda juu, kichwa chini, damu ikimchuruzika puani, na uzito wote umeshikwa na kano.

"Hii haikatiki bila kisu," alipenda kumwambia shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi rangi aliyekuwa akikimbia naye kila alfajiri. "Shavu la mguu linavuta, kano inapokea, kisigino kinanyanyuka, unaruka. Mimi na wewe tunazo hizi hizi."

"Yako imevimba, shemeji. Asubuhi unachechemea mpaka watu wanakuonea huruma."

"Baridi tu hiyo."

Baridi gani ya miezi miwili! Kano ilishaota kinundu kigumu kama kokwa, na hatua za kwanza kutoka kitandani alizipiga kwa kuuma meno. Lakini Kulabu alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Alijichua kwa dawa ya moto, akafunga viatu, akapanda kilima mbio.

Ubishi wake ungevumilika, tatizo lilikuwa mkono. Alikuwa na mkono mwepesi, Mungu amsamehe. Alimvunja taya mwenzake wa kazini. Akamgongesha jirani kichwa ukutani mpaka rangi ya ukuta ikabadilika. Na kila alipofika nyumbani na shati lenye damu isiyo ya ng'ombe, alisema maneno yale yale: "Yeye ndiye aliyeanza." Mkewe, Mama Pacha, alimwamini, akaenda kwa watu kuomba radhi hali akijua moyoni kwamba mumewe alichokozwa.

Baada ya kisa cha jirani, Mama Pacha alichoka. Alimwambia bila kupaza sauti, "Baba Pacha, siku nikijua umempiga mtu ambaye hakukuanza, mimi na watoto wangu tunaondoka." Kulabu akaapa, na kwa miezi minane ngumi ilikaa mfukoni.

Ikaja siku ya mbio za wafanyakazi wa mji mzima, kilometa kumi. Kwa mbio, Kulabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Aliyeweza kumganda alikuwa shemeji yake peke yake, hatua mbili nyuma. Kwenye kilima cha mwisho Kulabu aliamua kumwacha. Akajisukuma kwa vidole vya mguu wa kulia, kwa nguvu zake zote.

Paa! Teke lilimpata nyuma, juu ya kisigino, teke la mtu aliyekusudia. Akaanguka magoti. Alipogeuka, barabara nzima ilikuwa na mtu mmoja tu, shemeji yake, ameinama, amenyoosha mkono amwinue.

Hakuuliza. Alimtwanga ngumi ya mdomo, meno yakaruka. Akamvuta chini, akamkalia kifuani, akamsugua uso kwenye lami mpaka nyusi ikapasuka.

"Umenipiga teke, mshenzi wewe!"

"Sijakugusa, shemeji! Wallahi sijaku—"

Akamziba kwa ngumi nyingine. Wanaume wanne waliokuja mbio kutoka nyuma ndio waliomtoa.

Kwenye zahanati, tabibu mmoja, mama wa makamo, alimlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Mama Pacha alisimama pembeni, kashika leso yenye meno matatu ya mdogo wake. Tabibu akabana shavu la mguu wa kushoto, unyayo ukacheza. Akabana la kulia. Unyayo ukakaa kimya kama si wake.

"Kano imekatika," akasema.

"Si nilisema!" Kulabu alifoka. "Kano haikatiki yenyewe. Amenipiga!"

"Hapa hapana hata mchubuko, baba. Kano iliyochoka hukatika yenyewe mkimbiaji anapojisukuma. Wengi hudhani wamepigwa, wakageuka kumtafuta aliyewapiga."

"Wanamkuta nani?" Mama Pacha aliuliza.

"Hawamkuti mtu, mama."

Mama Pacha alimgeukia mumewe. "Na yule wa taya? Na jirani?"

Kulabu alifungua kinywa aseme yale maneno yake. Hayakutoka. Alikumbuka kwamba jirani alikuwa anacheka tu, tena hakuwa anamcheka yeye. Aibu ilimchoma kuliko mguu.

Mama Pacha aliiweka leso juu ya mto, karibu na uso wake, akatoka.

"Mama Pacha! Ngoja!"

Akashuka kitandani, akaukanyaga mguu wa kulia ili ajisukume. Kisigino kilibaki pale pale sakafuni. Akajaribu tena, akaanguka kwa mikono yake miwili. Mkewe alikuwa bado koridoni, hata hakuharakisha. Alitembea tu, na Kulabu hakuweza kumfikia.