Viatu Chini ya Rutare

Honi ya machimbo ya Muganza ilipolia, Maman, mama yangu, aliacha mwiko ndani ya ugali. Baada ya honi huja baruti, na baada ya baruti vumbi jeupe linalolala hata juu ya majani ya migomba. Hapo alitoka nje kuhakikisha kama Rutare, jabali refu lililosimama juu ya machimbo, bado lipo. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu mwaka huo, na mimi, msichana nisiyejua kutulia, sikuelewa mtu mzima anahofiaje jiwe.

Jumapili moja, siku ambayo hawalipui, akanichukua tulipande. Chini, migombani, aliniamuru nivue viatu na nisiseme neno. Ndivyo watu wa huko walivyolipanda wakati wa vita ili wajifiche juu: kiatu huangusha kokoto, na kokoto huwaita wenye bunduki. Vita viliisha, desturi ikabaki. Nyayo ziliniuma, lakini ulimi uliniwasha zaidi. Kila nilipoharakisha alinivuta sketi. Kawia ufike, macho yake yalisema.

Juu, kwenye ukingo mwembamba, akaninong'oneza kilichomleta. Hapo ndipo mdogo wake, Kazungu, alipowapotea ukunguni. Walimsikia upande wa pili wa jabali akimwita yeye, dada yake mkubwa: "Yaya! Yaya!" Bibi alimziba Maman kinywa, maana wenye bunduki walikuwa chini yao. Sauti ikakoma. Wakavuka mto Rusizi kukimbilia Bukavu bila yeye, na Maman hakuwahi kumjibu.

Nami, asiyesikia la mkuu, nikasimama nikaita kwa nguvu zangu zote: "Kazungu!" Jabali likalirudisha jina. Nilingoja kofi. Badala yake Maman akapaza sauti ambayo sijaisikia tena.

"Niko hapa, mdogo wangu! Yaya yako iko hapa!"

Leo pale ni shimo lenye maji ya mvua. Rutare limesagwa likawa saruji, na huenda limo ukutani mwa nyumba yangu hapa Kamembe. Maman amezeeka, anaishi nami, na honi ya lori bado humfanya aangushe kijiko. Ila hanyamazi tena. Juzi mwanangu alikuwa uani akimwita paka. Kutoka chumbani Maman akajibu upesi, "Niko hapa." Watoto walicheka sana. Mimi nilikwenda nikakaa naye.