Mkono wa Mzee wa Mlimani

Picha moja ilininyima usingizi. Je, ingefika Msambweni kabla yangu? Na ikifika, baba yangu, imamu wa msikiti wetu mdogo, angeamini maelezo ya mwanawe au macho yake mwenyewe?

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nikapelekwa Ugiriki kwa kozi ya miezi mitatu ya uongozi, ili nirudi nikakalie kiti katika ofisi ya serikali huko Kwale. Jumamosi moja wenyeji wetu walitupakia kwenye basi twende tukaone nyumba ya watawa juu ya mlima.

Kiongozi wa safari alisema nasi polepole, kama mtu anayewalisha wagonjwa uji. Alitufundisha kunywa kahawa chungu ya kikombe kidogo pamoja na kipande cha kitu kitamu, kumbe ni halua iliyokosa iliki. Mimi, mtoto wa pwani, nafundishwa kahawa. Akatuonya tusiogope ngazi za mawe, kisha akapanda nyuma yetu akihema. Ndani, wageni walikanyaga mahali pa sala kwa mabuti ya matope huku wakinong'ona, eti kwa heshima. Kwetu hata mlevi huvua viatu.

Wakati wa kutoka, mtawa mmoja mzee, ndevu hadi kifuani, alinipa mkono. Ulikuwa mkavu, wenye mishipa, kama wa babu yangu. Nikasema, "Shikamoo," nikainama, nikaubusu, kama nilivyowafanyia wazee wote tangu utotoni. Mpiga picha wa kozi alikuwa tayari amesimama pembeni na kamera yake.

Jumatatu picha ilikuwa ubaoni. Chini yake waliandika: "Mwafrika apokea baraka mlimani." Ingetoka katika jarida la kozi, na jarida lingetumwa kwenye ofisi zetu nyumbani. Tarishi wa ofisi ya Kwale ni ami yangu, na ami yangu hana habari anayolala nayo.

"Habari za ibada, padri?" akaniuliza mwenzangu wa kozi, Mduruma wa Samburu, ile ya kwetu Kwale, ambaye hakupitisha siku bila kunitania.

"Koma, bwana."

"Nikome nini? Baba yako akiiona hii, nani atakuoza binti yake? Njoo kwetu uchunge mbuzi. Mbuzi hawaulizi dini."

"Nikiwaomba waiondoe?"

"Watakuuliza sababu. Utawaambia umeona haya kumwamkia mzee?"

Nilikuwa nimemdharau kiongozi, mpiga picha na huyo fundi wa maneno aliyeandika habari za baraka. Siku nzima nikaligeuza swali la Mduruma, na kila nilipoligeuza, wa kudharauliwa zaidi alikuwa mimi: msomi mzima natetemeka kwa ajili ya adabu niliyofunzwa na baba huyohuyo ninayemwogopa.

Kesho yake asubuhi nilimwendea mpiga picha, nikamwambia maneno yaliyoandikwa chini ya picha ni ya uongo. Akasema jarida limeshakwenda kuchapwa. Nikamwomba nakala ya picha. Nyuma yake niliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alizonifunza baba: "Baba, huyu ni mzee niliyemkuta mlimani. Nilimwamkia. Wao wameandika mengine." Nikaitia katika bahasha, nikaenda posta kabla ya somo la kwanza, nikaituma kwa ndege.