Gari la Mwaka Mzuri: Kutoka Bunda Hadi Mugango

Safari hii ilianza kwa simu. Kaka yangu Magesa, mfugaji wa Butiama, alinipigia nikiwa dukani kwangu Musoma. "Mdogo wangu," akasema, "wewe ndiye unayesomaga mambo ya magari. Nitafutie gari la kupita kwenye tope. Liwe limetumika, lakini zuri." Nikamwomba anipe muda. Sikuuliza jambo jingine.

Mimi sikusomea ufundi. Ninachokijua nimekiokota vitabuni na kwenye simu, jioni baada ya kufunga duka. Masika yote nililinganisha miaka ya gari la aina aliyoitaka. La mwaka 2004 lilikuwa na gia boksi ya zamani na injini ndogo. Kuanzia 2007 vyote viwili vilibadilishwa. Nikaamua: 2007 au 2008, chini ya hapo hapana.

Jumatatu asubuhi niliondoka Musoma kwenda Bunda. Mjane mmoja, Mama Neema, alikuwa akiuza magari mawili ya aina hiyo aliyoachiwa na mumewe. Moja lilikuwa namba C, jingine namba E. Kwetu watu husoma umri wa gari kwenye herufi ya kibao: C ni zee, E ni jipya. Kumbe herufi husema tu gari lilisajiliwa lini nchini, haisemi lilitengenezwa lini. Nikavuta mikanda ya viti mpaka chini, penye kitambaa kidogo kilichoshonewa chenye mwaka. Namba C lilikuwa la 2008. Namba E, lililong'aa, lilikuwa la 2004. Lilizeekea ng'ambo ndipo likaletwa.

"Baba, wote wanaokuja wanataka hilo la E," Mama Neema akasema. "Hilo la C wanalalaga kuku."

"Nalitaka hilo hilo la kuku."

Akacheka. "Basi kuku nitawahamisha. Ila usirudi kulia hapa."

Mchana nilipita nalo Kiabakari na kuingia Butiama. Kaka alilizunguka gari kama anavyomzunguka dume mnadani, akalipiga ubavuni kwa kiganja, kisha akasimama mbele ya kibao.

"Namba C."

"Kaka, hili ni la 2008. La namba E lilikuwa kuukuu kuliko hili."

"Imeandikwa wapi?"

Nikamwonyesha kitambaa cha mkanda. Aliinama, akasoma. "Umesoma wewe," akasema. "Sawa."

Jioni hiyo, tukila ugali, ndipo aliponiambia kuwa Alhamisi tungekwenda Mugango kupatana mahari. Mwanawe mkubwa, Masatu, alikuwa amepata mchumba huko.

Alhamisi mvua ilitutangulia njiani. Kwenye bonde moja kabla ya ziwa, gari moja la namba E lilikuwa limezama tope mpaka milangoni, na mwenyewe amekunja suruali akitafuta mawe. Niliingiza gia nzito, tukapita taratibu bila kuteleza.

"Umeona, kaka?"

"Nimeona," akajibu, akitazama nje.

Mugango, kama ilivyo desturi, mashangazi wa binti walikuwa wameziba lango. Kazi yao ni kuwachokoza wageni, na kazi ya mgeni ni kujibu kwa majigambo mpaka afunguliwe. Shangazi mkubwa, kanga kiunoni, akainama kwenye kibao.

"Namba C! Jamani, njooni muone! Wamekuja na babu yao!"

"Lisukumeni tuone kama linawaka!" mwingine akadakia.

Ilikuwa zamu ya kaka kujibu. Katika ukoo wetu hakuna anayemshinda kwa majigambo. Nikaona midomo yake inatafuta neno, nikamwahi.

"Shangazi, gari hili ni la 2008. Ukitazama mkanda..."

"Mkanda? Vua basi na wako tuusome!"

Vicheko vikafika kwa wanaume waliokuwa ndani. Kaka akatazama chini. Walitufungulia kwa kutuonea huruma.

Ndani tulikaribishwa samaki sato na ugali, kisha baba wa binti akaanza kutaja ng'ombe. Kaka yangu, mtu anayeweza kubishania mkia wa ndama mpaka jua lizame, alikubali kila alichotajiwa, aibu ya langoni ingali usoni. Masatu, aliyeketi kando yangu, alinitazama.

Tukirudi, kaka alikaa kiti cha nyuma. Tulipozima injini Butiama, akasema:

"Gari ni zuri, mdogo wangu. Sina neno nalo. Lakini hukuniuliza ninakwenda nalo wapi."

"Nawe hukuniambia, kaka."

"Mwanangu amekua, unamwona. Nilidhani umejua."

Asubuhi tulikwenda zizini kutenga ng'ombe wa Mugango. Hawakutosha mpaka alipoongezwa mtamba mwekundu ambaye shemeji, mke wa kaka, alimlea kwa mkono, kwa maziwa ya kibuyu, baada ya mama yake kufa. Shemeji alisimama mlangoni na kibuyu kitupu.

Nimejifunza kwamba mwaka wa gari unaweza kuutafuta peke yako ukaupata. Safari ya mwenye gari huipati mpaka umuulize mwenyewe. Somo hili nimelipata kwa mali ya mwingine, na hilo ndilo linaloniuma.

"Shika kamba," kaka akaniambia. Nikaishika. Mtamba akatoka zizini akinifuata, bila kuvutwa.